Malkia Hatua Moja Mbele

Jumamosi, 1 Machi 2003

Mgeni amekuja klabuni leo na nimemchapa kabla chai haijapoa.

Klabu yetu ya chesi hukutana Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nyuma ya duka la Ngui la vifaa vya ujenzi hapa Kitengela, kati ya magunia ya simiti na mabati. Ngui ndiye mwenyekiti kwa sababu meza ni yake. Ochola huja mkewe akimruhusu. Mwanamke ni mimi peke yangu, na hakuna mwanaume hata mmoja pale ambaye sijamtoa jasho.

Mgeni anaitwa Mureithi. Ni afisa wa mifugo Kajiado, kijana mrefu mwenye koti linalonuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alinisalimia kwa mikono miwili, akaniita Mwalimu kabla sijamwambia kazi yangu. Nikadhani Ngui amemwambia.

Mimi niko na ufunguzi mmoja tu tangu chuo cha ualimu na sijaona sababu ya kuutupa. Nasukuma askari wa mfalme hatua mbili. Farasi anatoka, askofu anamfuata, na wote wawili wanaangalia ile nyumba moja kando ya mfalme ambayo hailindwi na mtu ila mfalme mwenyewe. Ochola aliupa jina, Mlango wa Jikoni, kwa sababu mwizi hapiti sebuleni. Mureithi aliangalia sebuleni mchezo mzima.

Alipomaliza kufa hakukasirika. Alisema, "Nionyeshe nilipokosea, Mwalimu." Wanaume wa klabu hii hawajawahi kuniuliza hivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Amerudi, nimemchapa tena. Nilimwambia ng'ombe wa Kajiado wanacheza vizuri kuliko yeye. Akasema, "Hao wamezoea kufukuzwa." Tulikula chipsi sahani moja, yeye akiniachia zile zilizoungua kwa sababu nilimwambia ndizo nazipenda.

Jumatano, 12 Machi

Darasa la kwanza limefika watoto tisini. Elimu ni ya bure, madawati hayajaambiwa.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Udongo mweusi wa Kitengela umeanza kuvua watu viatu. Mureithi alishuka basi la Namanga akiwa amevaa gambuti, akamsalimia mlinzi wa Ngui kwa Kimaasai, "Sopa," mzee akaitikia "Ipa" huku anacheka.

Leo aliniuliza nilijifunzia wapi chesi. Nikajikuta namweleza mambo ya zamani. Nilitaka kusomea ujenzi wa madaraja, baba akasema msichana wa Busia ni mwalimu ama ni nesi. Nikamweleza kuhusu mkufunzi mmoja chuoni aliyetufundisha mchezo huu ili tuache kupiga kelele bwenini. Hata Wakhungu, mume wangu kwa miaka ishirini na sita, hajawahi kuniuliza habari ya madaraja. Kijana alisikiliza, halafu akanipokonya ngome niliyokuwa nimeisahau. Nilimshinda lakini ilibidi nifikirie.

Jumamosi, 5 Aprili

Amepoteza tena, ila amepoteza vizuri. Nilimpiga bega nikamwambia mamako alizaa mtu mvumilivu. Aliangalia chini akaanza kupanga vipande.

Jumamosi, 19 Aprili

Sikwenda klabuni, ni Pasaka, na Elsie amekuja nyumbani. Ni kitinda mimba wangu, ana kazi kwenye ofisi ya serikali huko Kajiado. Alinisaidia kuchambua mboga, halafu akasema bila kuinua macho, "Mama, Jumapili ijayo nitaleta mtu."

Nikamuuliza mtu gani.

"Mtu wa kuwaona nyinyi. Ni Mkikuyu, Mama, kwa hivyo muanze kuzoea saa hii."

Wakhungu alicheka hadi akakohoa. Alisema mradi anakula ugali. Lakini alimpigia simu dada yake Nabwire kule Busia, kwa sababu senje, shangazi wa watoto, lazima ajue kabla ya majirani, na Nabwire akasema nisisahau kumwambia huyo kijana mila ya nyumba. Nikasema sitasahau.

Niiandike hapa, maana Elsie anasema siku moja watoto wake watasoma hiki kitabu. Kwetu mama mkwe na mkwe hawapeani mkono. Hawali meza moja, hawaketi uso kwa uso. Akipita huku, wewe pita kule. Si chuki, ni heshima kubwa mno, ya kumheshimu mtu mpaka humuoni. Kuna nyumba ambazo hufungua mambo haya kwa kuchinja mbuzi wajukuu wakishazaliwa. Kwa kina Wakhungu hawafungui. Mama mkwe wangu alikufa bila mume wa Nabwire kuwahi kuona uso wake vizuri.

Jumapili, 27 Aprili

Naandika nimefunga mlango kwa ufunguo.

Nilikuwa jikoni napakua kuku. Nikasikia gari la kukodi, nikasikia mlango, nikasikia Wakhungu akisema karibuni, karibuni. Nikatoka na sinia.

Alikuwa amesimama kando ya Elsie, amevaa suti ya kijivu, amenyoa. Mureithi.

Nilidhani amenifuata nyumbani kunieleza jambo la klabu, labda Ngui ameugua, na nikaanza kuuliza, "Kuna nini kwa Ngui?" Halafu nikaona Elsie amemshika kiwiko. Kuku wote walielekea upande mmoja wa sinia na mchuzi ukanimwagikia kifuani, na sikusikia moto wake mpaka baadaye.

Wakhungu akauliza, "Kwani mnajuana?"

Mimi nilikuwa nahesabu kichwani. Sahani moja ya chipsi. Mkono kila Jumamosi, kuingia na kutoka. Nimempiga bega. Nimemwita ng'ombe. Nimeketi uso kwa uso na mkwe wangu msimu mzima, magoti chini ya meza moja, na nimemweleza mambo ya baba yangu.

Niliweka sinia juu ya televisheni, mahali ambapo sijawahi kuweka sinia, nikaingia chumbani nikafunga mlango. Wamekula bila mimi. Nilimsikia Wakhungu akijaribu kuzungumza habari za ugonjwa wa kideri cha kuku.

Jumatatu, 28 Aprili

Elsie alikataa kurudi Kajiado kabla sijafungua mlango. Nikafungua. Nilimuuliza kama mimi ni kikaragosi, maana watu wawili wamekaa miezi miwili wananichezesha.

Alianza kulia. "Nilimweleza mila mapema, Mama. Nilimwambia siku utakapokuwa mkwe, hutaketi na mamangu tena mpaka mmoja wenu azikwe. Akaniuliza, sasa nitamjua namna gani? Nikamwambia hutamjua. Siku mbili zikapita. Halafu akaniuliza wewe, Mama, hupenda nini, nikasema chesi. Hata hakuwa anajua kucheza. Alijifunza."

"Na hamkufikiria kuniambia?"

"Ungejua ni nani ungekubali kuketi?"

Singekubali. Hilo lilinikasirisha zaidi.

Jumamosi, 3 Mei

Nilienda klabuni kwa sababu nyumbani hapakaliki. Mureithi hakuja. Habari ilikuwa imeshafika, Kitengela hakuna siri. Ngui alinipa pole kama mtu aliyefiwa.

Ochola ndiye aliyeniua. Alikuwa anapanga vipande vyake akasema, "Mama Elsie, sasa nimeelewa kwa nini yule kijana kila wiki anapoteza. Alikuwa analipa mahari kwa ubao."

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Nimefika nyumbani sikumbuki nilipita njia gani.

Jumatano, 7 Mei

Mvua usiku kucha. Watoto wa darasa langu wamekuja nusu.

Sijalala vizuri tangu Jumamosi. Narudia michezo yake yote kichwani. Ile ngome aliyoipokonya kisha akaniachia nafasi. Siku ile ya Aprili, mkono wake ulikuwa juu ya farasi, akauondoa, akasogeza askari wa pembeni asiye na kazi. Je, aliona? Kama aliona, basi amenipakata kama mtoto, ananipa ushindi ninyamaze. Na mtu anayeweza kukuangalia machoni Jumamosi baada ya Jumamosi huku anakudanganya kwa utaratibu, tena kwa tabasamu, siku moja atamdanganya Elsie kwa utaratibu uleule, naye atakuwa anamshukuru.

Nimemwambia Wakhungu. Siku ya mahari mama ndiye hupokea blanketi, na mama akikataa blanketi, ng'ombe hurudi walikotoka. Nimesema nikijua kijana huyu alikuwa akipoteza makusudi, blanketi sitaigusa. Wakhungu alizima redio. Ameniangalia kama nimeota pembe.

"Kwa ajili ya chesi?" aliuliza.

"Kwa ajili ya uongo."

Jumamosi, 10 Mei

Barabara imekatika, maji yamepita juu ya daraja. Hakuna basi kutoka Kajiado. Mahari ni tarehe ishirini na nne. Nabwire amefika jana kabla ya mafuriko, na amekalia nyumba yangu kama askari wa zamu.

Jumatatu, 12 Mei

Baraza la nyumba. Nilitaka mchezo mmoja na Mureithi kabla ya mahari, mmoja tu.

Nabwire akasema haiwezekani. "Tangu aingie kwa hii mlango akitaka msichana, huyo ni mkwe. Umeshavunja vya kutosha kwa kutojua. Sasa unataka kuvunja ukijua?"

Wakhungu akasema mtu ambaye hajaleta hata kuku bado ni mgeni kama mgeni mwingine. Walibishana mpaka chai ikalala. Mwisho Nabwire akakubali kwa masharti yake. Nitacheza Jumamosi hii, hakuna kupeana mkono, hakuna kula, na yeye atakuwa mlangoni. Baada ya hapo pazia limeshuka.

Sikuwaambia nitamjaribu vipi. Nimefikiria tangu jana na nimepata. Nitacheza nyeupe. Nitafungua vilevile kama kawaida, halafu mapema kabisa nitamwacha malkia wangu mdomoni mwa askofu wake, bila sababu, kama mtu aliyepitiwa. Malkia akienda, mchezo umekwenda. Anayetaka kunifurahisha atajifanya hakumuona. Anayecheza kweli atamchukua.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nikiwa bado na koti la mvua.

Mureithi alikuwa amefika kabla yangu. Ameshasimama, mikono nyuma, kwa sababu Elsie alimweleza masharti. Sura imekonda. Ngui na Ochola walijibanza kando ya mabati kama watu walio kanisani. Nabwire akaketi kwenye gunia la simiti karibu na mlango, mwavuli magotini.

"Mwalimu," akasema.

"Keti," nikasema.

Askari wa mfalme, hatua mbili. Yeye vilevile. Farasi, farasi. Askofu, askofu. Nikaona amekaza taya na macho yanarukaruka kwenye ile nyumba ya kando ya mfalme wake, akingojea nije. Sikwenda. Nikafungua njia ya askari mmoja mdogo, naye akafungua. Nikamweka malkia mbele ya mfalme. Akamtoa farasi wa pili. Kisha nikamsogeza malkia hatua moja mbele, hatua moja tu, akasimama katika njia ya askofu wake.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mureithi aliangalia ubao, akaangalia tena, akainua macho kuniangalia mimi. Nilimpa ule uso ninaoutumia nikisimamia mitihani. Ochola alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Alikaa sana. Moyo wangu ulikuwa unasema chukua, chukua, mtoto wa watu, chukua. Na sehemu nyingine, niiseme tu kwa sababu hiki kitabu ni changu, ilikuwa inamwomba asichukue, ili ionekane nilikuwa na haki ya kukasirika.

Akachukua. Askofu wake alimponyoka akalala chini, ikabidi amwinue. Nilimuua yule askofu, lakini askofu mmoja si malkia, na kuanzia hapo alinifukuza ubao mzima bila huruma. Hakuniachia nafasi hata moja. Alivunja ngome zangu, akamkimbiza mfalme wangu hadi kona, akamfungia pale. "Chekimeti," alisema polepole, kama neno la lugha ngeni.

Halafu akaruka. Alitoka nje kwenye mvua na simu yake, akasimama chini ya upenu wa mabati, na sote tukamsikia anapiga kelele. "Elsie! Nimemshinda mamako! Nimemshinda kweli, sikia, nimemshinda!" Sauti ilikuwa imepasuka. Mtu haigizi sauti ya namna hiyo. Ni sauti ya mtu aliyetafuta kitu tangu Machi, akakikosa kila Jumamosi, akarudi kwa basi mpaka Kajiado na kushindwa kwake, akaja tena.

Hakuwahi kupoteza makusudi. Hata mara moja. Nilikuwa nimempiga kwa haki kila mchezo.

Alirudi ndani amelowa, anacheka. "Mwalimu, na nilikuwa nimekuja na kufuli ya Mlango wa Jikoni. Tumeitafuta na afisa mwenzangu jioni kwa jioni. Ukileta farasi pale, nina jibu. Sasa hata hukuja."

Alianza kurudisha vipande alivyovikumbuka, kumwonyesha Ochola mahali mchezo ulipogeuka. Mfalme, farasi, askofu. Akamweka malkia wangu mahali pale. Mkono ukabaki juu yake. Nikaona kicheko kinamtoka usoni kidogokidogo, maana huyu si mjinga, tangu siku ya kwanza ni mtu wa kuuliza palipokosewa.

"Mwalimu," akasema, chini kabisa. "Ulimwona huyu askofu?"

Nabwire akasimama. "Mama Elsie, mvua imepungua. Imetosha. Twende."

Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Nilitembea kwenye matope nyuma ya wifi yangu na kila hatua nilikuwa naona wazi zaidi nilichofanya. Ulikuwa mchezo wetu wa mwisho duniani. Alikuja na jibu lake alilolitafuta jioni kwa jioni, na mimi nikampa takataka nikamfungia kwa karatasi ya ushindi.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwomba Wakhungu mchezo mmoja zaidi. Amenitazama kwa huruma akasema nimuulize Nabwire. Nabwire hata hakuacha kusuka nywele za mtoto wa jirani.

"Ulisema mmoja," alisema.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, watu husema. Na aliyekataa kumpa mwenzake nafasi ya kushindana, yeye anaitwa nani?

Jumanne, 20 Mei

Nimefunza hesabu za kutoa, darasa zima wakakosea, nami nilikuwa nimekosea ubaoni.

Jumamosi, 24 Mei

Wamekuja. Jua limetoka, wageni wameingia na matope hadi magotini hata hivyo. Wazee wa upande wa Mureithi, shangazi zake na vikapu, Ngui na Ochola wamevaa tai kama watu wa upande wa bibi harusi. Mimi niko chumbani, mahali pa mama, nyuma ya ukuta wa sebule. Nimesikia kila kitu. Wamesifiana, wamebishana, wamecheka, wamekubaliana.

Shangazi wawili waliletwa kwangu na blanketi. Ya rangi ya kahawia, nzito, nzuri. Nabwire aliniangalia, Wakhungu alichungulia kutoka koridoni, maana alikumbuka maneno yangu. Nikaipokea kwa mikono miwili. Shangazi mmoja akapiga vigelegele na nyumba nzima ikaitikia.

Sasa Mureithi yuko mita tatu kutoka hapa nilipo, na ni mkwe wangu kabisa. Sitaketi naye tena.

Baadaye kidogo Elsie akaingia, amevaa lile gauni la njano, akaniinamia.

"Mama, Mureithi amenituma kwako. Anauliza kitu na mimi sielewi. Ati, ulimwona askofu? Amesema jibu ni ndiyo ama la, yeye ataelewa. Nimemwambia mambo ya askofu leo ni ya nini, tumealika pasta. Lakini Mama, hajalala vizuri wiki hii. Hata chakula cha leo hajakigusa."

Nilimshika mkono akae. Nilitaka kumweleza yote, nikaona haitasaidia. Nikisema ndiyo, kijana atajua nilimpima kama ng'ombe anapimwa joto, na atajua hajawahi kunishinda, na hatapata nafasi nyingine maisha yake yote. Nikisema la, ameshinda. Kwa haki, mbele ya mashahidi, mchezo wa mwisho.

"Mwambie sikumwona," nikasema. "Mwambie nilikuwa namfikiria farasi, nikapitiwa. Alicheza vizuri."

"Basi?"

"Basi. Na umwambie ale."

Elsie akaenda. Nilibandika sikio ukutani, mwanamke mzima, naibu wa mwalimu mkuu. Nikamsikia akinong'ona. Halafu nikamsikia Mureithi, na nilijua anasema kwa sauti makusudi ili ukuta usikie. "Hakumwona! Ochola, umesikia? Hakumwona!" Ochola akapiga meza kwa kiganja, sahani zikalia, na kijana akaomba apakuliwe nyama.

Niliketi kitandani, blanketi magotini. Msimu mzima nimetafuta uongo wake juu ya ule ubao na haukuwepo. Uliopo ni wangu, nami nitazikwa nao, na mkwe wangu asije akaujua.